Mama Hira Amepokea

Wifi yangu Marcelina anajua Kigujarati. Ukisema hivyo hapa Mwanga, Kigoma, watu wanacheka, maana ni Muha wa Buzebazeba kama Waha wengine, anajifunga kanga zake mbili na akikasirika anaapa kwa Kiha. Lakini anakijua. Mama yake alikuwa yaya katika nyumba ya mwenye duka la vitambaa, na Marcelina alikulia humo, chini ya meza ya kukatia, lugha ile ikimwingia kutwa nzima bila mtu kumfundisha. Mpaka leo akihesabu vifungo anahesabu kwa Kigujarati. Kaka yangu Elikana, ndiye aliyemuoa, anasema hata akipandwa na homa anaweweseka kwa lugha hiyohiyo, na yeye pale pembeni hajui kama anaombewa au anatukanwa.

Ninaandika habari zake kwa sababu zimechafuliwa. Kanisani kwetu wanasema Marcelina alirudi nyuma. Sokoni wanasema alihongwa na Wahindi. Waongo wote. Nina hasira nao tangu mwaka ule wakimbizi wa Zaire walipoanza kuvuka ziwa, na mtaniwia radhi, sina mpango wa kupoa.

Mwenye duka alifariki zamani, akabaki mjane wake, Mama Hira. Marcelina alipoolewa, Mama Hira alimpa cherehani ya miguu na kumwambia aiweke barazani pa duka, na hapo wifi akashona miaka kumi na minane. Mteja ananunua kitambaa ndani, akigeuka tu mlangoni fundi huyu hapa. Walikuwa wakigombana kutwa. Mama Hira alimwita dikri, yaani binti yangu, hata alipokuwa akimfokea. "Dikri, hii mkono umeshona ama umefunga mzigo?" Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, cha bei na rangi na mita. Mambo ya moyoni aliyasema kwa lugha yake, na wa kumsikiliza alikuwa Marcelina.

Mwanawe wa pekee alikuwa Uingereza na simu zake zilikuwa za kuhesabu. Familia za Kihindu zilizobaki mjini, ukimtoa yeye, zilikuwa nane tu. Mama Hira hakuogopa kufa, hilo alimwambia wifi mara nyingi. Aliogopa kufa akiwa hana watu. Mhindu hazikwi, anachomwa kwa moto, na mwili lazima ubebwe na wenzake, maneno yasomwe na wenzake, moto uwashwe na mtu wa kwao. Familia hizo nane ndizo zilizombeba mumewe mpaka ufukweni. Zikimsusa, nani atambeba? Mimi?

Sasa wakaja watu wa mkutano wa Injili.

Walikuja kwa ajili ya wakimbizi, na hapo sina ugomvi nao. Katonga, wanaposhukia wavuvi, palikuwa panatisha mwaka ule. Mitumbwi ilishusha watu badala ya dagaa, wazee wamelowa, akina mama wamebeba watoto na sufuria. Watu wa mkutano walileta mablanketi na dawa. Walileta pia jenereta, spika nne, na mwinjilisti aliyeitwa Nikodemu, mtu wa mikoa ya mbali, mwenye suti nyeupe katika vumbi letu lote hili. Siku ya tatu akapita mtaa wa maduka, akaona Wahindu wanapaka kuta rangi na kupanga vitaa vya udongo kwa ajili ya Diwali. Basi, wakimbizi wakasahaulika. Jioni yake akatangaza kwamba Mungu amemwonyesha Mabaniani wa Kigoma, na kwamba sikukuu yao ya giza ndiyo saa ya kuwapelekea nuru. Sikukuu ya giza! Watu wanawasha taa nyumba nzima, mbele na nyuma, yeye anaona giza.

Alikuwa na maboksi ya vijitabu vya Kihindi ambavyo hakuna aliyejua kuvisoma, yeye akiwa wa kwanza. Mchungaji wetu Feliksi, badala ya kunyamaza, akadakia, "Mwinjilisti, tunaye dada wa kwaya hapa, Kihindi anakimwaga kama maji." Kihindi na Kigujarati kwao ni kitu kimoja.

Hivyo ndivyo walivyompata wifi, na walimpata pabaya. Elikana alikuwa ameumia mgongo kwenye mtumbwi wa dagaa, ana miezi mitano kitandani, na watoto watatu shuleni. Nikodemu akamwambia Marcelina kwamba kwenye kambi ya wakimbizi watahitaji wakalimani, kazi ya kudumu, na kwamba majina atayapeleka yeye mwenyewe mkutano ukiisha. Kirundi anakisikia, Kiswahili anacho, Kiha ndiyo kwao. Aliniambia habari hiyo tukiwa tunachambua mchele. Nikamwambia ashike kazi hiyo asiiachie. Sijifichi, nilimwambia mimi.

Alhamisi ya Diwali, saa kumi jioni, tulikwenda kwa Mama Hira watu sita. Mimi nilibeba boksi.

Lazima nieleze jambo moja hapa. Siku hiyo, na siku inayofuata ambayo ndiyo mwaka mpya wao, mlango wa Mhindu haufungwi. Mgeni hafukuzwi, na akikuletea kitu unakipokea kwa mikono miwili, kiwe kizuri kiwe kibaya. Marcelina alijua hivyo tangu utotoni. Nikodemu aliuona mlango wa Mama Hira uko wazi, akatugeukia na kusema, "Mnaona? Bwana ameshatufungulia."

Mbele ya kizingiti Mama Hira alikuwa amechora ua kubwa kwa unga wa rangi, jekundu na manjano na kijani, kazi ya asubuhi nzima kwa mtu mwenye magoti mabovu. Wifi akaruka pembeni. Mimi na boksi langu nikaruka. Nikodemu akapita katikati na viatu vyake, na mpiga picha nyuma yake. Ningekuwa na akili ningeliacha boksi lile palepale na kurudi nyumbani.

Mama Hira alitazama sakafu, akatazama viatu, kisha akatabasamu, maana siku yenyewe ilimtaka atabasamu. "Karibu, karibu wageni," akasema, na akaleta sinia la ladu na chevda, vitafunio vyao vya sikukuu. Nikodemu akatunong'oneza tusile, vimetolewa kwa sanamu. Kisha akahubiri. Alihubiri dakika kumi nzima, mkono juu, jasho linamtoka, na wifi akazifasiri dakika hizo kumi kwa sentensi mbili. Baadaye nilimuuliza alimwambia nini Mama Hira. Akasema, "Nilimwambia hawa ni watu wa dini yangu, wamekuletea kitabu chao, wanataka ukisome."

Nikodemu akamnyooshea kijitabu. Mama Hira akakipokea kwa mikono miwili, akakigusisha kwenye paji la uso kama wafanyavyo kwa kitu chochote chenye maandishi, akasema neno fupi kwa lugha yake.

"Anasemaje?" Nikodemu akauliza.

Wifi akamtazama Nikodemu. Kisha akasema, "Anasema amepokea."

Kama hukulia katika makanisa yetu utauliza kosa liko wapi. Kitabu amepewa, kitabu amepokea. Lakini kwetu neno hilo likisimama peke yake lina maana moja tu: amempokea Yesu, ameokoka, ya zamani ameyatupa. Nikodemu aliruka juu. "Amepokea! Haleluya, amepokea!" Picha ikapigwa. Mama Hira naye akacheka, akidhani mgeni amefurahia ukarimu, akamsogezea tena lile sinia.

Kabla jua halijazama spika nne zilikuwa zimeshaueleza mji mzima. Kiwanja cha mkutano kiko karibu na soko, na sauti ile ilifika mpaka kwa wauza mitumba, mpaka madukani, mpaka kwenye mashine ya kukoboa ya Mzee Dhiraj ambaye ndiye kiongozi wa Wahindu wetu. Mama Hira wa duka la vitambaa, zilisema spika, leo hii, siku ya sikukuu yenyewe ya miungu yake, ameitupa na kumpokea Bwana. Watu wakapiga vigelegele. Sikupiga, lakini pia sikusimama kusema kitu. Nilimtafuta wifi kwenye safu ya kwaya, nikamwona ameinamisha uso kwenye kitabu cha nyimbo, na hakuna wimbo uliokuwa ukiimbwa.

Kesho yake ilikuwa mwaka mpya wao. Desturi ya siku hiyo ni kutembeleana. Wadogo huanza kwa wakubwa, huinama na kugusa miguu yao, husema Saal Mubarak, yaani heri ya mwaka mpya, na Mama Hira ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote. Kila mwaka saa moja asubuhi viatu huwa vimejaa mlangoni mwake mpaka unakosa pa kukanyaga. Mwaka huo Marcelina na mimi tulifika saa mbili tukakuta jozi moja tu, ya Mama Hira mwenyewe.

Alikuwa amekaa ukumbini na sari mpya, masinia sita mezani yamefunikwa vitambaa. Tukakaa naye. Saa tatu. Saa nne. Kila gari likipita anainuka nusu. Saa tano gari la Mzee Dhiraj lilipita mbele ya duka, wanawe wote ndani wamevaa vizuri, na halikupunguza hata mwendo.

"Dikri, mimi nimefanya nini?" Mama Hira akauliza. Aliuliza kwa Kiswahili, sijui kwa nini. Labda alitaka na mimi nijibu.

Marcelina akamweleza kwa lugha yao yaliyotangazwa kwenye spika. Jana ile Mama Hira alikuwa amesikia kelele tu, Kiswahili cha mbio mbio hakikuwa chake. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono imelala mapajani. Hakulia. Alifunua sinia moja, akalifunika tena, akatuambia twende tukale nyumbani kwetu.

Wifi hakwenda kula. Alikwenda moja kwa moja kwenye nyumba ya wageni ya kanisa, na mimi nyuma yake, tukamkuta Nikodemu anakunywa chai na Mchungaji Feliksi.

"Mwinjilisti, yule mama alipokea kitabu," Marcelina akasema. "Hakuokoka. Naomba litangazwe leo jioni."

"Dada, si wewe uliyefasiri?"

"Nilifasiri vibaya."

"Ripoti imeshakwenda. Picha imeshakwenda. Niwaandikie wafadhili kwamba Roho Mtakatifu amekosea?"

"Roho hajakosea, baba. Nimekosea mimi."

Nikodemu akaweka kikombe chini taratibu. "Sikiliza, dada yangu. Jina lako ni la kwanza kwenye orodha ya wakalimani wa kambi. Shetani anakuonea wivu. Usimpe nafasi."

Mchungaji Feliksi, mtu aliyewabatiza watoto watatu wa wifi, mtu ambaye shati alilovaa lilishonwa na Marcelina bila malipo kwa kitambaa alichopewa bure na Mama Hira, alikuwa anaangalia kucha zake. Nimeshasamehe watu wengi maishani. Kucha zile bado.

Tukaenda kwa Mzee Dhiraj. Huyu alitusikiliza tukiwa tumesimama nje, hakutukaribisha ndani, siku ambayo kwao mgeni hakatazwi. Marcelina alianza kwa Kigujarati, yeye akamjibu kwa Kiswahili, makusudi kabisa, ili ajue amewekwa mbali.

"Mimi naweza kuamini wewe, Marcelina. Lakini wanangu wamesikia spika. Vijana wangu wa mashine wamesikia spika. Mji wote umesikia. Sasa wewe unakuja kuninong'oneza mlangoni kwangu? Sisi tumebaki nyumba nane. Mwaka ujao watakuja kwa nani? Kwa mke wangu? Nendeni mkaseme palepale mliposema."

Na huyo naye nilimkasirikia. Wamekula kwa mjane yule miaka yote, wamemjua tangu wakiwa wadogo, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuvuka barabara na kumuuliza, mama, ni kweli? Spika ya mtu wasiyemjua iliwatosha. Lakini alichosema mwisho kilikuwa sawa, na wifi alijua ni sawa. Tulirudi Buzebazeba, nyumbani kwake. Elikana alipoelezwa habari hizo alisema, "Kazi ya kambi basi tena," na hakusema zaidi. Kaka yangu ni mtu mzuri. Mimi ningesema zaidi.

Jumapili ilikuwa siku ya kufunga mkutano. Watu walijaa mpaka juu ya kuta za soko. Nikodemu akatoa habari za waliopona na waliookoka, kisha akasema sasa tutasikia kwa kinywa cha mkalimani mwenyewe jinsi nuru ilivyoingia nyumba ya Mabaniani. Marcelina akaniachia kitabu chake cha nyimbo, akapanda jukwaani na sare yake ya kwaya, akapewa kipaza sauti.

"Mama Hira hakuokoka," akasema. "Tuliingia kwake siku ambayo kwao mgeni hakataliwi. Tukakanyaga maua yake. Tukakataa chakula chake. Tukampa kijitabu, naye akakipokea kwa heshima, kama angepokea kitu chochote kutoka kwetu. Hakumtaja Yesu. Neno mlilolisikia nililisema mimi."

Kiwanja kikaanza kuvuma. Akarudia kwa Kiha, kwa ajili ya wazee na ya wale wa vijijini waliokuja kuuza muhogo. Nikodemu alikuwa ameshashika waya na anauvuta, wifi ameshika upande wake na haachii. "Oya! Shuka!" mtu akapiga kelele. "Umepewa nini na Wahindi?" Kisha Marcelina akageuka, akaupa mgongo umati wote, akatazama upande wa maduka na kuanza kwa Kigujarati. Hapo mtu akazima jenereta. Lakini Marcelina ni sauti ya kwanza ya kwaya, na sauti ya kwanza haihitaji jenereta. Alisema mpaka akamaliza. Mchanga ulirushwa, ukampata begani na shingoni. Wa kwanza kuurusha ni mwanamke tunayeketi naye benchi moja kanisani, na anajua kwamba najua.

Jumatatu asubuhi walikuja. Familia zote nane, na watoto, na masanduku ya vitamutamu. Mzee Dhiraj aliinama mbele ya kila mtu akagusa miguu ya Mama Hira, na alipoinuka macho yake yalikuwa mekundu. Mimi nilikuwa barazani na wifi, yeye kwenye cherehani yake anashona shati la shule kama vile hakuna kilichotokea. Tulisikia kicheko cha Mama Hira kutoka ndani. Nikasema moyoni, haya, kambi imekwenda na kwaya imekwenda, lakini mama wa watu amepata watu wake. Nikadhani yameisha.

Wageni walipoondoka, Mama Hira alitoka mpaka mlangoni. Alimwuliza Marcelina jambo, kwa lugha yao. Swali lilikuwa fupi. Wifi akaondoa mguu kwenye pedali. Jibu lake lilikuwa fupi zaidi. Mama Hira alisimama pale, mkono kwenye mwimo wa mlango, akimtazama kama mtu anayetafuta uso anaoufahamu na haupati. Halafu akaingia ndani, na mlango wa duka, saa tano mchana, nikausikia unafungwa.

Wifi akakata uzi, akakunja lile shati, akaanza kulegeza kichwa cha cherehani kwenye meza yake.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Niitie mkokoteni."

"Amekufukuza? Baada ya yote yale ya jana? Amekufukuza?"

"Hajanifukuza. Aliniuliza kama siku ile nilijua watalisikiaje lile neno."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia nilijua." Hakunitazama, alikuwa anafungua skrubu. "Nilijua, wifi. Nilikuwa nafikiria kazi ya kambini."

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira ambazo hazijawahi kushuka. Nilimfokea palepale barazani, wapita njia wanasimama. Nikamwambia ni mjinga. Ungesema hukujua! Nani angekubishia? Umepanda jukwaani, umerushiwa mchanga, umekosa kazi, umekosa kanisa, umemrudishia watu wake wote, halafu unamalizia kwa kumpa kisu? Neno moja tu la kumtuliza mzee, hata Mungu mwenyewe angelipitisha!

Aliningoja nimalize. Mimi nikianza huwa nachelewa kumaliza.

"Kwa Kiswahili nilidanganya," akasema. "Kwa lugha yake sijawahi."

Mkokoteni ulipofika tukaipakia meza, naye kichwa cha cherehani akakibeba mwenyewe, tukashuka mpaka Buzebazeba, mtaa ambao hakuna mtu anayepita na kitambaa kipya mkononi.